Mwenye Daftari la Wodi ya Wazazi

Shemeji yangu, watoto wetu, wazee wangu, majirani, wauguzi na madaktari mliokuja na sare zenu, uongozi wa hospitali mlioketi viti vya mbele, nawasalimu wote kwa heshima na nawapa pole, maana aliyelala hapa hakuwa wa nyumba moja. Mimi ni mdogo wake anayemfuata, fundi wa majokofu, wengi wenu mmeshaniona nikiwa nimelala sakafuni nyuma ya friji zenu, na familia imenituma nisome historia ya dada yangu tangu kuzaliwa hadi kufa. Nimeambiwa nitumie dakika kumi. Nitajitahidi, lakini zikizidi mnisamehe, mwenye safari hapa ni mmoja na yeye hana haraka tena.

Kabla sijaanza niseme jambo moja, msije mkajiuliza kwa nini sauti yangu iko hivi. Juzi Jumamosi, tukiwa bado tunapanga viti vya waombolezaji, alikuja tarishi wa hospitali na bahasha mbili, moja ya rambirambi, tunashukuru, na ya pili ikiitaka familia irudishe kabla ya leo Jumatatu saa kumi jioni daftari moja la jalada gumu, mali ya wodi ya wazazi, ambalo inadaiwa marehemu aliondoka nalo, la sivyo hatua za kisheria zitachukuliwa. Ndani ya daftari hilo kuna makosa ya kazi yaliyoandikwa na wauguzi, wakunga na wafagizi kwa mikono yao wenyewe, bila jina la mtu, lakini mwandiko nao ni jina, na sote tunajua linatafutwa ili wenye miandiko hiyo wafukuzwe kazi. Watu ishirini na watatu walioandika humo bado wako kazini, wengine nawaona hapa wanatazama chini, na mmoja wao ni kitinda mimba wa marehemu mwenyewe. Wazee wa familia wamenishauri nisiiguse habari hii, kwamba msibani si mahali pa kujibizana, nami nawaheshimu wazee wangu, ila hii ndiyo historia yake, na nikiitoa sehemu hiyo nitakuwa nasoma historia ya mtu mwingine.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya vyumba vitatu iliyotazamana na kiwanda cha kukamua mafuta, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa mpima mizani hapo kiwandani, na mama yetu, aliyekuwa mshona nguo. Mama alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliiona ya ajabu, kikivunjika kitu ndani, kiwe sahani au kioo cha taa, hakuuliza nani kavunja, aliuliza nani kakatwa, basi tulikuwa tunatoka wenyewe nyuma ya mlango tukionyesha vidole, na aliyevunja anajikuta ameshakiri huku anafungwa kitambaa. Mimi nilikuwa mvunjaji mkuu wa nyumba ile, na aliyenifunga vitambaa ni huyu, akiwa na miaka minane, tisa, amekunja uso kama daktari bingwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1975 hadi 1978, ambako alifaulu vizuri baiolojia na kufeli hesabu, jambo ambalo mume aliyempata baadaye, mwalimu wa hesabu, hakuacha kumkumbusha kwa miaka thelathini na sita. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu Mei 1982, na Jumatatu tarehe 5 Julai mwaka huohuo akaripoti katika hospitali hii ya umma mnayoifahamu, akiwa na sanduku la bati, jozi mbili za viatu vyeupe na barua ya ajira ambayo mama alikuwa ameipiga pasi.

Hapo kazini alimkuta matroni ambaye wauguzi walimwita Mama Viatu, kwa sababu viatu vyake vilisikika tangu getini, kwa kwa kwa, na dada alituhadithia kwamba wodi nzima ilifanya kazi kwa masikio, viatu vikikaribia kila mtu anainama juu ya mgonjwa, viatu vikipita kila mtu anakaa. Mama Viatu hakuwa mvivu, tumtendee haki, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, lakini aliamini kwamba mtumishi bila hofu ni mzigo, na alihakikisha hofu haikosekani. Ni chini ya uongozi huo lilipotokea jambo la tarehe 6 Agosti 1984, ambalo dada aliacha agizo lisomwe leo mbele yenu, na nitalisoma kutoka mahali alipoliandika mwenyewe.

Ndiyo, daftari lenyewe ndilo hili. Naona viti vya mbele vimesogea, naomba tutulie, saa kumi haijafika, na mimi sina pa kukimbilia, nina suti ya kuazima na viatu vinanibana.

Ukurasa wa kwanza unasema hivi, nasoma kama ulivyo. Wodi ya wanaume, kitanda namba tisa, seremala, miaka arobaini na miwili, mgonjwa wa kisukari. Nilimchoma sindano ya insulini ambayo mwenzangu wa zamu iliyotangulia alikuwa ameshamchoma lakini hakuiandika, kwa sababu chati zilikuwa zimefungiwa ofisini kwa matroni. Nilipokiona kichupa kitupu kwenye trei nikajua amechomwa mara mbili. Wiki ile muuguzi mwenzetu alikuwa amesimamishwa koridoni mbele ya wagonjwa, bakuli la choo kichwani, kwa kuvunja kipimajoto, nami nikaogopa. Nilinyamaza dakika arobaini nikimnywesha maji ya sukari kwa kificho, alipoacha kumeza ndipo nikasema. Alifariki kesho yake asubuhi. Sindano ilikuwa bahati mbaya, zile dakika arobaini zilikuwa zangu. Mwisho wa ukurasa.

Najua kuna waliokuja kumsikia malaika akisifiwa, poleni, dada hakutaka. Alisema watu wakimsifu bila ukurasa huo watakuwa wanamsifu mwongo, na kwamba hata wakisema alipika vizuri watakuwa wanadanganya, jambo ambalo mimi na shemeji tunaweza kulithibitisha kwa matumbo yetu.

Tarehe 20 Desemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, aliyekuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika alipoanguka na baiskeli, akaingia hospitali kwa machela na kutoka na mchumba, na kila akitaniwa kwamba alimchukua muuguzi ili apate matibabu ya bure hujibu kwamba kilichomuuma zaidi ni mapishi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kike, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni fundi cherehani kama bibi yake, wa pili wa kiume, aliyezaliwa 1991, dereva wa malori, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa 1994, ambaye ni mkunga katika wodi ileile ya mama yake. Ameacha pia wajukuu watano, mmoja wao amenikanyaga sasa hivi nikija kusimama hapa.

Mwaka 1989 Mama Viatu alistaafu, na uongozi wa hospitali ukashikwa na daktari mmoja mzee ambaye watumishi walimpa jina la Tufanyeje, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila palipoharibika jambo, jenereta likizima, tufanyeje, damu ikikosekana, tufanyeje, na akiuliza alikuwa anasubiri jibu, akimtazama usoni hata mpishi wa wagonjwa. Nakumbuka mwaka 1992 friji ya damu iliharibika, nikaitwa mimi, nikamkuta mzee huyo na koti lake jeupe amenishikia tochi saa nzima, hakuniuliza hata mara moja nitamaliza lini, na nawaambia ukweli, ile friji niliitengeneza vizuri kuliko friji yoyote maishani mwangu. Dada alicheka nilipomwambia hivyo, akasema sasa umeelewa ninachosema kila siku.

Mwishoni mwa mwaka 1995 mzee huyo alimtaka dada awe muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Dada aliomba wiki moja, na katika wiki hiyo akafunga safari peke yake hadi kwa mjane wa yule seremala wa kitanda namba tisa, akamkuta uani anasugua masufuria, akamweleza yote, sindano na dakika arobaini. Mjane hakuacha kusugua. Alipomaliza alimwambia kwamba hakumsamehe, labda siku nyingine, kwamba sindano angeweza kuielewa lakini ule ukimya hakuuelewa, na kwamba asirudi pale kulia, arudi kazini akahakikishe mwenzake mwingine hanyamazi. Dada alitoka pale, akapitia duka la vitabu, akanunua daftari la jalada gumu kwa hela yake mwenyewe, kwa hiyo hilo neno mali ya wodi nililolisoma kwenye barua ya Jumamosi tuliweke vizuri, ni mali ya dada yangu.

Jumatatu tarehe 8 Januari 1996 alishika wodi, na siku hiyohiyo akalifunga daftari kwa kamba pembeni ya mizani ya kupimia watoto, kalamu ikining'inia kwa kipande cha bendeji, na ndani ya jalada akaandika kwamba kila mtu aandike kosa lake na si la mwenzake, aliandike kabla zamu haijaisha, kisha waandike wote walichofanya lisirudiwe, na atakayeliandika hataadhibiwa kwa hilo. Wiki tatu hakuandika mtu. Wote waliusoma ukurasa wa kwanza, wakatazamana, wakapita, mpaka mkunga mmoja mzoefu alipoandika kwamba chupa mbili za dawa zinazofanana zilikaa rafu moja naye akanusurika kuchukua isiyo yenyewe, na jioni ileile chupa zikatenganishwa, moja kushoto moja kulia, ziko hivyo mpaka leo, nendeni mkaangalie.

Kitu cha pili alichofanya, na hiki kilimletea maneno, kilikuwa makabidhiano ya zamu. Mnajua desturi, daktari anaongea, muuguzi kiongozi anaitikia, wengine wanatingisha vichwa. Yeye aliigeuza chini juu, wakasimama wote kando ya kitanda cha mgonjwa, na wa kwanza kusema akawa mfagizi, halafu muuguzi msaidizi, halafu mkunga, daktari wa mwisho, na mwisho wa yote anayeondoka anasema nimekabidhi na anayeingia anasema nimepokea, kwa sauti, na usiposema hutoki. Daktari mmoja kijana aliuliza kwa dharau kwamba mfagizi atasema nini cha maana, sakafu ni safi? Dada akamjibu kwamba wewe unamtazama mgonjwa kuanzia juu, yeye anamtazama kuanzia chini, mtakutana katikati. Mwaka 1998 mfagizi wetu mnayemwita Mama Ndoo, yuko hapa, ameketi nyuma pale kama kawaida yake, alisema asubuhi moja kwamba chini ya kitanda namba nne amedeki mara tatu na bado panarudi pekundu, daktari akafunua shuka, mama aliyejifungua alikuwa anavuja damu kimyakimya huku anatabasamu, akaokolewa. Yule daktari kijana ndiye aliyemshona, na kuanzia siku hiyo alikuwa anamsubiri Mama Ndoo amalize kusema ndipo afungue kinywa, na leo naye ameketi hapa, ana mvi.

Miaka ishirini wodi ile ilikwenda hivyo. Sisemi hawakufanya makosa, walifanya, wameyaandika, ila walikuja kazini hata siku za mapumziko wakisikia wenzao wamezidiwa na kazi, na hakukuwa na mtu aliyetamani kuhamishwa kutoka wodi yenye kazi ngumu kuliko zote. Hakuna aliyeongezewa mshahara. Walikuwa wanaulizwa, na wakijibu wanasikilizwa, basi.

Mwaka 2016 alikuja mganga mkuu tuliye naye, ambaye nashukuru amehudhuria, na kwa kuwa yupo nitasema mbele yake yale ambayo watu wanayasema nyuma yake. Watumishi wamekupa jina la Bwana Saa, mheshimiwa, kama hukujua ndiyo umejua leo, kwa sababu mwezi wako wa kwanza uliweka mashine ya vidole getini, na mwezi wa pili ukaweka ubao koridoni wa kubandika majina ya waliokosea. Mashine ilifanya kazi, siwezi kukataa, watu walifika saa moja kamili, wakaweka kidole, wakaingia, wakakaa. Ubao nao ulifanya kazi, kosa lililoripotiwa likapungua mwezi hadi mwezi mpaka likawa sifuri, na hospitali ikapewa cheti cha fremu ya dhahabu kinachosema haina kosa. Jamani, hospitali haina kosa! Mimi nina friji moja tu karakana kwangu na kila siku ina kosa.

Dada ndiye aliyekiona kilichokuwa nyuma ya fremu. Februari 2017, akipita wodi ya upasuaji kuazima shuka, alitazama chati za joto za wagonjwa, akakuta wote kumi na wawili, siku tatu mfululizo, wana joto thelathini na sita nukta nane, mwandiko mzuri, mistari imenyooka, kwa sababu aliyeacha nafasi wazi anabandikwa ubaoni na aliyeandika joto kali anaulizwa alifanya nini mpaka likapanda, kwa hiyo chati zilikuwa zinajazwa mezani. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mama mmoja aliyekuwa na thelathini na sita nukta nane, akakiondoa haraka, mama anaungua, kidonda kimeoza ndani. Mama yule alikaa hospitali wiki sita, na tunamshukuru Mungu yu hai.

Katika kikao cha watumishi cha tarehe 20 Machi 2017 dada alisimama, akaeleza alichokiona bila kumtaja aliyejaza chati, akasema huyo mjazaji si mvivu, ana hofu, na hofu hiyo yeye anaijua tangu mwaka 1984. Mheshimiwa hakuuliza mama yule anaendeleaje. Aliuliza nani. Nani kajaza? Dada akasema hilo si swali la kwanza. Ndipo mheshimiwa akasema kwamba amesikia wodi ya wazazi wana daftari, liletwe kwake kesho saa mbili, miandiko ilinganishwe na ya mafaili, na kila aliyeandika ajibu kwa maandishi. Dada alirudi wodini, akakata ile kamba, akaliweka daftari kwenye mkoba wake chini ya khanga, akaja nalo nyumbani.

Mimi nilimwambia alitoe. Nakiri mbele yenu. Nilimwambia dada, umebakiza miaka minne ustaafu, usitafute ubishi na mwenye mpini, na mwanao ndiyo kwanza ameajiriwa mle. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja sahani, akasema kwamba watu waliandika kwa sababu yeye aliwaahidi, na ahadi ya mkubwa ikivunjwa mara moja hakuna mtumishi atakayesema ukweli katika jengo lile kwa miaka ishirini. Jumatatu tarehe 3 Aprili 2017 alipewa barua ya kuvuliwa uongozi kwa utovu wa nidhamu, akapelekwa ghala la mashuka, chumba kisicho na dirisha nyuma ya chumba cha kufulia, muuguzi wa miaka thelathini na mitano, akahesabu foronya.

Na sasa nisikilizeni, hasa viti vya mbele. Mlidhani mmemzika mle. Kila wodi inahitaji shuka, si ndivyo? Basi walikuwa wanakuja, mmoja mmoja, wa upasuaji, wa watoto, wa maabara, wanaomba shuka mbili, wanakaa dakika tano, na daftari, alilolirudisha kwa siri, lilikuwa chini ya mashuka ya kitanda kikubwa, rafu ya tatu, ya chini kabisa, na mkaguzi wenu alipekua mara mbili akaishia rafu ya pili kwa sababu kiuno hakikumruhusu kuinama. Makosa yalipokuwa sifuri kwenye cheti chenu, sitini na tatu yaliandikwa ghalani kwake, na kila moja lilitafutiwa dawa palepale, kimyakimya, aliyekosea akarudi wodini kwake na ushauri na shuka safi. Yule aliyejaza chati za thelathini na sita nukta nane naye alikuja, akalia, akaandika, na leo ni muuguzi ambaye ningempa mtoto wangu amshike. Dada alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akitimiza miaka sitini, bila hafla, bila cheti, akatoka mlango wa nyuma na daftari lenye makosa mia mbili na kumi na manne.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuvimba miguu na kuchoka, vipimo vikaonyesha kwamba figo zote mbili zimedhoofika, na kuanzia Oktoba akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ileile. Hakulalamika, isipokuwa siku moja alipomwona muuguzi anamjazia chati bila kumpima, akamwambia mwanangu njoo unipime, mimi sitakubandika. Alikuwa anarudi nyumbani amechoka, lakini kila mchana alikaa mezani karibu na dirisha, anaandika, na tulipomuuliza alisema anapanga mambo yake, nasi tukadhani ni wosia.

Jumapili tarehe 1 Oktoba mwaka huu aliniita, akaniambia niwashe jiko la mkaa uani kwangu, saa nane mchana, jua linawaka, tukaweka birika juu yake, kisha akafungua mkoba akatoa madaftari mawili, la zamani limechakaa, na jipya. Lile la zamani alilichana ukurasa kwa ukurasa akalitia jikoni, ukurasa wa kwanza wa mwisho kuingia, na chai ya siku ile ilichemka kwa makosa ya watu, tukainywa, ilikuwa nzuri, kwa sababu niliipika mimi. Lile jipya ndilo hili nililoshika. Alikuwa amenakili yote mia mbili na kumi na manne, neno kwa neno, dawa na suluhisho, kwa mkono wake, kwa miezi kumi na moja, vidole vimevimba, na kila palipoandikwa mimi, mimi huyo sasa ana mwandiko mmoja tu.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu na robo asubuhi, shemeji amemshika mkono wa kushoto, kitinda mimba wake amemshika wa kulia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi minane kasoro siku tano.

Kwa hiyo, mheshimiwa mganga mkuu, kwa heshima zote, usisimame, nakuletea mwenyewe ulipo. Hili hapa. Umelitaka kwa miaka sita na familia haitaki kesi, limerudishwa saa nane na dakika ishirini, mashahidi ni hawa wote. Linganisha miandiko na mafaili yako yote, utampata mkosaji, ni mmoja, amelala kwenye sanduku hili, mfukuze kazi. Au lisome. Kila kosa lina dawa yake chini yake, na hospitali yenye kiongozi atakayelisoma itakuwa nzuri kuliko cheti chake. Ishirini na watatu, inueni vichwa, mkitazama chini hivyo nami nashindwa kusoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, mliomhudumia mwaka mzima kwa mikono ya upole ingawa mlijua nani anawatazama, tunawashukuru majirani mliotuachia milango wazi na kutuazima viti hivi ambavyo kesho vitarudi vyote, tunawashukuru watumishi wenzake mlioomba ruhusa ya kuja na wale mliokuja bila ruhusa, na kwa namna ya pekee mama mmoja mzee aliyeketi karibu na mlango, mjane wa seremala wa kitanda namba tisa, aliyetuma ujumbe Ijumaa kwamba ile siku nyingine aliyoisema imefika. Tulimsomea marehemu maneno hayo akiwa ameshalala, tunaamini yamemfikia.

Dada, zamu yako ilikuwa ndefu na umeimaliza kwa miguu yako, hukuacha kitu chini ya kitanda. Pumzika kwa amani, ulitunyima sisi usingizi inatosha. Umekabidhi, na desturi yako tunaijua, hatutoki hapa mpaka jibu lisikike, kwa sauti, kuanzia chini.

Mama Ndoo, anza wewe.